Adrian Atiman: Aliyewahi Kuuzwa, Akaja Kutibu



Mwaka jana baba yangu alipooza upande mmoja. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, na wadogo zangu bado wanasoma. Nilikuwa nimemaliza falsafa na kuanza teolojia hapa Tabora. Kweli nawaambia, mara mbili nilifunga begi ili nirudi nyumbani. Falsafa ilinifundisha kutoa hoja kwamba Mungu yupo. Haikunifundisha nikae vipi usiku simu ya nyumbani inapoita.

Jioni moja nilitoka nikatembea chini ya miembe ya zamani. Wazee wa hapa husimulia kwamba miembe hii ni alama ya misafara. Njia ile ilitoka Ujiji, ikapita Tabora, ikashuka mpaka Bagamoyo. Ilipitisha pembe za ndovu, na ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Ndipo nikamkumbuka Adrian Atiman.

Atiman hakuzaliwa huku. Alizaliwa mnamo miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika Mali ya leo. Akiwa bado mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walilipa fedha wakamkomboa. Alibatizwa, akasoma, kisha Kardinali Lavigerie akampeleka kisiwani Malta kusomea udaktari. Kardinali alitaka Waafrika wawatibu Waafrika wenzao na kuwafundisha dini.

Mwaka 1888 masomo yakaisha. Sasa fikirieni, jamani. Kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyewahi kuuzwa kama mbuzi, anatumwa katika nchi asiyoijua, ambako biashara ya watumwa bado haijakoma. Kutoka pwani akaingia bara na msafara wa wamisionari. Njia ambayo wengine waliteremshwa wakiwa watumwa, yeye aliipanda akiwa mtu huru, amebeba dawa. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Akabaki hapo. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa huko huko, na mtoto wao Joseph akapewa upadre mwaka 1923. Atiman aliwatibu wagonjwa na kufundisha katekisimu Karema ileile mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67! Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakaja, vita kuu mbili zikapita, na yeye bado anafunga vidonda vya watu. Leo Hospitali ya Dr. Atiman kule Sumbawanga inabeba jina lake.

Naomba tusikosee hapa. Sisemi kwamba Mungu alitaka yule mtoto atekwe. Utumwa ni dhambi ya watu, na Mungu hahitaji dhambi zetu ili atende mema. Ninachosema ni kwamba dhambi ile haikupata neno la mwisho katika maisha ya Atiman. Waliomuuza walimpangia bei. Mungu alimpa jina, kazi na watu wa kuwapenda.

Zamani nilidhani kumtumaini Mungu ni kuwa na uhakika kwamba mambo yatakwisha vizuri. Siku hizi naona ni kitu cha kawaida zaidi. Ni kuamka na kumhudumia mgonjwa aliye mlangoni, hata kama mwisho wa safari huuoni. Kwa Atiman, mlango ule ulikuwa Karema. Wako uko wapi? Pengine ni mama anayehitaji maji yachotwe, au rafiki aliyekosa kazi na haongei na mtu.

Baba yangu bado hatembei vizuri, na maneno yake hayaeleweki sana. Sijapata jibu la kwa nini. Lakini begi nimelifungua. Kila siku baada ya Misa nampigia simu, tunasali pamoja Baba Yetu, yeye kwa sauti ile nzito, mimi nikimsubiri. Likizo ikifika nakwenda kumuuguza.

Tusali leo kwa ajili ya kila kijana aliyefunga begi lake. Ee Mungu, utupe moyo wa kubaki, na utuonyeshe mgonjwa wa leo. Amina.