Wilhelm Bleek na Suala la Nafsi ya Tatu Umoja

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi maisha ya Wilhelm Heinrich Immanuel Bleek, mtaalamu ambaye kila anayefundisha ngeli kwa namba hutumia kazi yake, hata asipomtaja. Hoja yetu ni kwamba Bleek alitufunulia utaratibu wa upatanisho wa kisarufi, lakini alikosea alipoufanya kipimo cha fikra za wasemaji.

Bleek alizaliwa Berlin mwaka 1827. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Bonn mwaka 1851, kwa tasinifu iliyochunguza jinsia za nomino katika lugha za kusini mwa Afrika, Kikopti na lugha za Kisemiti. Wakati huo suala la jinsia lilisumbua hata watunga sheria. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoagiza kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwahusu wanawake pia. Kwa karne nyingi wasemaji wa Kiingereza walikuwa wameziba pengo hilo kwa kutumia kiwakilishi cha wingi kwa mtu mmoja, na ubishi juu ya matumizi hayo haujaisha hadi leo.

Mwaka 1855 Bleek alifika Natal pamoja na Askofu Colenso, akajifunza Kizulu. Mwaka 1856 alihamia Cape Town, ambako baadaye alitunza maktaba ya Sir George Grey. Sarufi yake linganishi ilitoka kwa sehemu mbili, mwaka 1862 na 1869. Humo alilitumia jina Bantu kwa jamii ya lugha zetu, na akazipa ngeli namba, umoja na wingi kila mmoja na namba yake. Carl Meinhof aliuendeleza mpango huo mwaka 1899. Kuanzia mwaka 1870, Bleek na shemeji yake Lucy Lloyd waliandika lugha na masimulizi ya Wasani. Alifariki tarehe 17 Agosti 1875, akiwa na umri wa miaka 48.

Kwa maoni ya Bleek, kiwakilishi cha Kibantu ni mwangwi wa kiambishi awali cha nomino. Hapo alisaidia sana. Lakini katika kitabu chake cha ngano cha mwaka 1864 alivuka mpaka: alidai kwamba lugha zinazotenga uume na uke huwawezesha wasemaji kuwapa wanyama nafsi, ilhali lugha za viambishi huwanyima uwezo huo.

Kiswahili kinampinga. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi za Unguja, ambamo paa na sungura hutenda na kusema kama watu. Isitoshe, nomino hizo kwa umbo ni za ngeli ya N-, lakini kitenzi huchukua a-, kama cha mtu. Mwangwi haukufuata sauti. Ulifuata uhai wa anayetajwa.

Mlima Meru nao unatoa ushahidi. Wameru husema lugha ya Kibantu, na majirani zao Waarusha husema Kimaa, ambacho hutenga jinsia katika nomino: olkiteng' ni dume la ng'ombe, enkiteng' ni jike. Hata hivyo, kiwakilishi ninye hutumika kwa mwanamume na kwa mwanamke, sawasawa na yeye. Basi jinsia katika nomino hailazimishi jinsia katika nafsi.

Jambo hili si la nadharia tupu. Mfasiri wa Arusha anayepeleka katika Kiingereza kiwakilishi kama yeye, anaweza kujikuta akichagua jinsia ambayo maandishi hayakuitaja, na akikosea anamzulia mtu sifa isiyo yake. Kwa hiyo tumfundishe mwanafunzi namba za Bleek, lakini tusimfundishe kwamba a- ni upungufu. Ni upatanisho uliokamilika, nao hautaji jinsia kwa sababu hauihitaji.