Patrick Kennedy: Mtoto wa Rais aliyeishi saa 39

Tarehe 7 Agosti 1963, katika hospitali ya kambi ya jeshi la anga ya Otis, jimboni Massachusetts, mke wa Rais wa Marekani, Jacqueline Kennedy, alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji wa dharura. Siku zake zilikuwa bado: zilisalia wiki tano na nusu. Mtoto alikuwa na uzito wa kilo 2.1, akabatizwa papo hapo na padre wa kambi kwa jina la Patrick Bouvier.

Haukupita muda mrefu kabla ya pumzi yake kuanza kusumbua. Mapafu ya mtoto njiti mara nyingi hukosa ute uitwao safaktanti, ambao huzuia vifuko vya hewa visinywee kila mtoto anapotoa pumzi. Ute huo ukikosekana, kila pumzi huwa kazi mpya, mpaka nguvu za mtoto zikaisha. Daktari Mary Ellen Avery na Jere Mead walikuwa wamekwisha kueleza chanzo hicho mwaka 1959, lakini tiba haikuwapo.

Patrick alikimbizwa Boston kwa gari la wagonjwa siku ileile. Mama yake alibaki kitandani Otis, na hakumwona tena akiwa hai. Mashine za kuwapumulia watoto wachanga zilikuwa bado katika hatua za majaribio, hivyo madaktari wakamwingiza katika chumba cha chuma chenye oksijeni ya shinikizo kubwa. Haikusaidia. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Agosti, baba yake akiwa hospitalini hapo.

Msiba huo uliufanya ugonjwa huo ujulikane duniani kote. Katika miaka iliyofuata mashine za kupumulia ziliingia wodini, na watoto wengi ambao wangekufa wakapona. Hata hivyo, wokovu huo ulikuwa na gharama yake. Mwaka 1967, William Northway na wenzake wa Stanford walieleza hali mpya kwa watoto walionusurika: mapafu yenye makovu, yaliyojeruhiwa na oksijeni nyingi na msukumo wa mashine. Kilichowapa uhai ndicho kilichowaachia ugonjwa sugu.

Kuanzia hapo, matabibu walianza kutafuta njia za upole zaidi. Mwaka 1971, George Gregory na wenzake wa San Francisco walionyesha kwamba shinikizo dogo la hewa lisilokatika huweza kuviweka wazi vifuko vya mapafu. Mwaka 1972, Liggins na Howie wa New Zealand walithibitisha manufaa ya kumchoma mama sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto kabla ya kujifungua. Mwaka 1980, Tetsuro Fujiwara wa Japani alieleza jinsi watoto kumi walivyotiwa safaktanti iliyotokana na mapafu ya ng'ombe. Ugonjwa sugu haujakwisha, hasa kwa wale wadogo kabisa, lakini mtoto wa umri na uzito wa Patrick, akipata huduma hizo kwa wakati, kwa kawaida hupona.

Patrick alizikwa kwanza Brookline, karibu na Boston. Miezi mitatu baadaye baba yake, John F. Kennedy, aliuawa. Desemba mwaka huohuo mwili wa mtoto ulihamishiwa makaburi ya Arlington, ambako hadi leo amelala kando ya baba yake.