Albert Einstein: mtu wa mahesabu aliyependa tanga bila kujua kuogelea

Ukiuliza mwanafunzi wa Goma, Uvira ao Kalemie Einstein alikuwa nani, atakujibia: ni ule muzungu wa nywele zilizosimama, mtu wa mahesabu. Ni kweli. Lakini wachache wanajua kwamba alipenda mashua ya tanga karibu sawa na violoni yake, kwamba hakujua kuogelea, na kwamba alikuwa kwenye mapumziko yake ya kutembeza mashua wakati habari ya madini ya Kongo ilimfikia. Leo tuongee juu yake.

Albert Einstein alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1879 katika mji wa Ulm, inchi ya Ujerumani, mbali na bahari. Mashua alijifunza akiwa kijana, wakati alikuwa anasoma Zurich, Uswisi, kuanzia mwaka 1896. Mji ule uko kando ya ziwa, sawa vile Bukavu. Alikuwa anatoka na binti ya mama mwenye nyumba alimopanga, na mfukoni hakukosa kitabu kidogo cha kuandikia. Upepo ukivuma, anashika kamba na usukani. Upepo ukikufa, anatoa kitabu na kuendelea na mahesabu yake.

Anayetaka kujifunza tanga anaanza na upepo. Lazima ajue unatoka wapi, kisha akaze ao alegeze kamba mpaka tanga lijae. Kwenda moja kwa moja mbele ya upepo haiwezekani kwa mashua yoyote ya tanga. Unakwenda upande, unageuka, unakwenda upande mwingine, pole pole mpaka unafika. Na chini ya mashua kuna ubao unaoshuka majini, juu ya kuzuia upepo usiisukume pembeni. Ni nguvu mbili zinazopambana, za upepo na za maji, na mashua inapita katikati yao. Si ajabu mambo hayo yalimpendeza mtu wa fizikia.

Munamo mwaka 1905, akiwa mfanyakazi mdogo wa ofisi huko Bern, alitoa maandishi yaliyobadilisha sayansi ya dunia. Kiisha akapewa zawadi ya Nobel ya mwaka 1921. Lakini kazi nyingi ilimchosha, na mwaka 1928 moyo ulimsumbua, akalala kitandani muda mrefu. Mwaka uliofuata alitimiza miaka 50. Marafiki zake wakaungana, wakamnunulia mashua ya tanga jina lake Tümmler.

Haikuwa mtumbwi wa kuvulia samaki. Ilikuwa mashua nzuri ya mbao, urefu wa metre 7 hivi, tanga lake la metre 20 za mraba, na ndani chumba kidogo chenye vitanda. Mtu angeweza kusafiri siku kadhaa na kulala humo bila shida. Einstein aliiweka karibu na nyumba yake ya Caputh, kando ya maziwa ya upande wa Potsdam. Mashindano hayakumvutia. Alitaka kimya, maji na upepo, hakuna zaidi. Wenzake waliogopa, kwa sababu alikuwa anatoka hata hali ya hewa ikiwa mbaya, na kuogelea hajui.

Munamo mwaka 1933 Hitler akakamata utawala. Einstein alikuwa Myahudi, na wakati ule alikuwa nje ya inchi. Hakurudi tena. Akakimbilia kwanza Ubelgiji, akakaa miezi kadhaa kando ya bahari, kisha akaenda Princeton, Marekani. Nyuma yake, serkali ya Wanazi ikanyang'anya mashua yake. Hata baada ya vita hakuipata tena. Kwa sisi tunaojua kukimbia na kuacha nyumba na vitu, hakuna haja ya kueleza uchungu huo.

Huko Marekani akapata mashua nyingine, ndogo na ya kawaida, akaiita Tinef, maana yake kitu kisicho na thamani. Zaidi ya mara moja alikwama, watu wakaenda kumvuta.

Katika mwezi wa saba 1939 alikuwa amepumzika Long Island, mahali pazuri kwa tanga. Wana-sayansi wawili, Leo Szilard na Eugene Wigner, wakamfuata huko. Waliogopa kwamba Wajerumani watatengeneza bomu la nguvu mupya, na uranium bora ya dunia ilikuwa Kongo, chini ya Wabelgiji. Wazo lao la kwanza lilikuwa kuonya Ubelgiji, kwa kuwa Einstein alikuwa na urafiki na Elisabeth, mama wa mfalme. Mwishowe barua ya tarehe 2 mwezi wa nane ilikwenda kwa Rais Roosevelt, na Kongo ilitajwa ndani yake.

Madini hayo yalitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, kule Katanga. Sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoanguka Hiroshima mwaka 1945 ilitoka katika udongo wetu. Waliochimba hawakuambiwa yale mawe ni ya kazi gani. Einstein mwenyewe hakufanya kazi kwenye bomu hilo, lakini alijutia kutia sahihi, na miaka yake ya mwisho alipinga silaha hizo. Alifariki Princeton tarehe 18 mwezi wa ine 1955, akiwa na miaka 76.

Maji hayakumuua, ingawa aliyachezea maisha yake yote. Alikuwa na bahati, basi. Kwetu, kwenye Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, familia nyingi zinalia watu ambao hawakuwa na bahati ile. Ewe unayepanda mashua kesho asubuhi, akili yako hata ikiwa kubwa namna gani, maji hayaijui. Omba jile ya kuokoa, uivae kabla mashua haijatoka bandarini.