Krim Belkacem: Aliyetia saini kusitishwa kwa vita Algeria

Machi 18, 1962, mjini Evian, mawaziri watatu wa Ufaransa walitia saini makubaliano ya kusitisha vita ambavyo serikali yao ilikataa hata kuviita vita. Upande wa Algeria alisaini mtu mmoja tu: Krim Belkacem.

Mzaliwa huyo wa milima ya Kabylie alikuwa koplo katika jeshi la Ufaransa kabla ya kuingia msituni mwaka 1947, miaka saba kabla ya vita kuanza rasmi. Wafaransa walimhukumu kifo bila ya yeye kuwepo. Alikuwa miongoni mwa waasisi sita wa chama cha ukombozi, FLN.

Mapigano yaliamriwa kukoma saa sita mchana, Machi 19, ingawa kundi la siri la OAS liliendelea kuua. Uhuru ukaja Julai.

Krim hakuufaidi. Alihitilafiana na Ben Bella, kisha na Boumédiène, akaishia uhamishoni. Mwaka 1969 mahakama ya nchi aliyoipigania nayo ikamhukumu kifo, tena bila ya yeye kuwepo. Oktoba 1970 alikutwa amenyongwa hotelini mjini Frankfurt, Ujerumani.

Mwaka 1984 mabaki yake yalizikwa upya El Alia, mjini Algiers, katika makaburi ya mashujaa.