Grand Kallé na Brussels yetu

Kabla ya bendera kupandishwa Juni 30, 1960, sisi Wakongomani tulikwisha kuucheza uhuru wetu hapa hapa Brussels. Joseph Kabasele, mzaliwa wa Matadi, aliyekuza sauti yake katika kwaya ya kanisa, alikuja Januari ile na African Jazz kuwaburudisha wajumbe wa Meza ya Mviringo. Ndipo ikatoka Indépendance Cha Cha: mdundo wa Kuba, gitaa la Dokta Nico, na majina ya wanasiasa waliokuwa wakigombana, wote wamewekwa katika wimbo mmoja! Mwaka 1963 Nico na Rochereau walimwacha, wakaunda African Fiesta. Kwetu sisi, pengo lile halikuzibika. Alifariki Februari 1983. Watoto, wimbo mtakaotuona tukiurukia usiku wa leo ni wake.