Nigel Gresley na Injini Zake za Mbio

Reli ya kwenda bara ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kwa miaka mingi injini za mvuke zilitoka katika kituo kilicho karibu na soko la Kariakoo, zikaenda polepole kwa moshi mwingi. Siku hizi treni ya umeme itokayo mji huo hukimbia hata kilomita 160 kwa saa. Lakini hata mvuke ulipata kushinda mwendo huo, na aliyeibuni injini hiyo ni Nigel Gresley.

Gresley alizaliwa Edinburgh, katika nchi ya Uskochi, mwaka 1876, na baba yake alikuwa kasisi. Mwaka 1893 akaingia karakana ya Crewe, akajifunza ufundi kwa mikono yake. Mwaka 1911 akawa mkuu wa injini huko Doncaster, na mwaka 1923 mkuu wa mafundi wa kampuni kubwa ya reli, London and North Eastern.

Injini zake kubwa zilikuwa na silinda tatu. Ili kupunguza vyuma, vali ya silinda ya katikati haikupewa mtambo wake wenyewe, bali iliendeshwa kwa mikono ya chuma iliyounganishwa na mitambo ya nje. Shauri hili lilikuwa jema, ila lilikuwa na kasoro. Viungo vilipolika, na injini ikienda mbio sana, silinda ya katikati ilifanya kazi kupita kiasi, na beringi yake ikapata moto.

Tarehe 3 Julai 1938, injini yake iitwayo Mallard iliteremka kilima cha Stoke kwa mwendo wa maili 126 kwa saa, yaani kilomita 203. Hakuna injini ya mvuke iliyojulikana kuushinda mwendo huo hata leo. Lakini beringi ya katikati iliharibika, Mallard ikabaki Peterborough, na injini nyingine ikavuta mabehewa mpaka London.

Mwaka huo huo kiwanda kilichoanzishwa na Frank Hornby huko Liverpool kilitoa mfano mdogo wa injini ya namna ile, wenye jina la Gresley mwenyewe. Ulikimbia juu ya reli zilizoachana milimita 16 na nusu tu. Watoto waliupenda sana. Lakini mfano haukuwa na silinda ya katikati. Ulionyesha mbio, haukuonyesha taabu.

Gresley alifariki tarehe 5 Aprili 1941, kasoro ile haijaondolewa. Wakati wa vita mafundi walikuwa wachache, nayo ikazidi. Baadaye, katika miaka ya 1950, mafundi wa Doncaster walipima viungo kwa usahihi zaidi, wakabadili beringi, na taabu ikapungua sana. Hawakuitupa kazi ya mkubwa wao, wala hawakuificha kasoro yake; waliitengeneza. Mallard ilifanya kazi mpaka mwaka 1963, na sasa imehifadhiwa katika mji wa York.