Hujachelewa kuanza upya

Je, uliokoka kisha ukaanguka tena, na sasa unaona aibu hata kuingia kanisani? Mkumbuke John Newton, Mwingereza aliyetunga wimbo wa Neema ya Ajabu.

Mwaka 1748, dhoruba kali baharini ilimfanya amlilie Mungu. Lakini hakubadilika siku ile ile. Baada ya hapo alikuwa nahodha wa meli za watumwa, akisali huku Waafrika wamefungwa minyororo ndani ya meli yake. Aliacha kazi hiyo mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa. Alipoomba kuwa mchungaji alikataliwa kwa miaka kadhaa, hadi 1764.

Mwaka 1788, akiwa na zaidi ya miaka 60, alichapisha kijitabu akikiri hadharani aliyoyatenda na kuufichua ukatili wa biashara ile. Alifariki Desemba 1807, mwaka ambao Bunge la Uingereza liliipiga marufuku.

Ndugu yangu, wale aliowauza Newton hakuweza kuwarudisha. Yeye alichukua miaka 40 kusema kweli yote. Wewe usingoje hivyo. Kama uliyemkosea bado yupo, nenda ukapatane naye leo. Mungu hajakuchoka.